Tujifunze Kusoma Hesabu za Afya: Ukimwi na Uchunguzi wa Saratani Hapa Pwani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

  Kila mwaka gazeti letu huwa na mashairi, mafumbo na hadithi za kuchekesha. Mimi mwaka huu nimeona nilete somo. Msikunje nyuso! Si somo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Ni somo ambalo lilianzia kwenye karai la mahamri.

Mtaani kwetu hapa Malindi kuna mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi asubuhi. Nitamwita Mama Kadzo, ingawa si jina lake. Yeye mwenyewe aliniambia, "Andika mwanangu, ila jina langu usilitie." Siku moja likizoni nilikuwa nikimsaidia kuhesabu chenji, akaniuliza swali nikakosa la kusema. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, alikwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwenye kambi ya siku moja iliyopigwa hema. Foleni ilikuwa ndefu, ikamfikia jua limeshaanza kutua. Akapimwa, akaambiwa, "Uko sawa, mama, nenda zako." Alifurahi, akaenda zake. Baadaye alianza kutokwa na damu siku ambazo si zake. Alipokwenda kupimwa mahali pengine, wakamkuta nayo.

"Sasa wewe msomi wetu nambie," akasema, "yule muuguzi alinidanganya?"

Muhula ulipofunguliwa nikamsikia mwenzetu mmoja bwenini akisema kwa kujiamini, "Ukimwi siku hizi umekwisha bwana, hata asilimia imeshuka!" Nikajiambia, maswali haya mawili ni ndugu. La kwanza: je, asilimia ikishuka, ndiyo kusema ugonjwa umeshuka? La pili: je, ukiambiwa uko sawa, ndiyo kusema uko sawa? Nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia na yule wa Hisabati, nikasoma na vitabu. Niliyoyapata ndiyo haya. Kuuliza si ujinga.

HESABU ZA UKIMWI HUTOKA WAPI?

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi aliyetambuliwa nchini Kenya alipatikana mwaka 1984. Mnamo Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Lakini je, nani aliwapima Wakenya wote akajua wangapi wana virusi? Jibu ni kwamba hakuna. Huwezi kuonja sufuria nzima ya pilau ndipo ujue chumvi imekolea. Unachota kijiko. Kijiko hicho watafiti hukiita sampuli. Ila kijiko lazima kichotwe vizuri. Ukichota juu tu, huenda chumvi imezama chini.

Kuanzia mwaka 1990, kijiko cha Kenya kilikuwa akina mama wajawazito. Walipofika kliniki na kutolewa damu kwa vipimo vya kawaida, sehemu ya damu hiyo ilipimwa virusi bila majina. Njia hii ilikuwa rahisi na ilifaa kuonyesha mwelekeo mwaka baada ya mwaka. Lakini tazama kasoro zake. Wanaume hawamo. Wazee hawamo. Wasichana ambao hawajaanza mahusiano hawamo. Na vituo vya mwanzo vilikuwa vya mijini, ilhali Wakenya wengi huishi mashambani.

Mwaka 2003, kwa mara ya kwanza, utafiti wa kitaifa wa nyumba kwa nyumba ulipima virusi vya ukimwi, kwa wanawake na wanaume, mjini na mashambani. Ulipata asilimia 6.7 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49. Makisio yaliyotokana na kliniki za wajawazito yalikuwa juu zaidi ya hapo. Je, watu walipona kwa usiku mmoja? La hasha! Kilichobadilika ni kijiko.

Baada ya hapo, kwa watu wa umri huo huo, utafiti wa mwaka 2007 ulipata asilimia 7.4 na ule wa 2008 hadi 2009 ukapata 6.3. Mwenye haraka atasema ugonjwa ulipanda kisha ukashuka ghafla. Mwenye subira atakumbuka kwamba vijiko viwili vya sufuria moja havilingani chumvi sawasawa. Tofauti ndogo namna hii huweza kuletwa na bahati ya sampuli tu. Lakini ukitazama safari ndefu, mwelekeo unaonekana. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiwango kilikuwa asilimia 7.1 mwaka 2007, kikawa 5.6 mwaka 2012, na 4.9 mwaka 2018. Hapo tunaweza kusema kwa haki kwamba kiwango kimeshuka, kwa sababu tumelinganisha umri kwa umri. Kulinganisha watu wa miaka 15 hadi 49 na watu wa miaka 15 hadi 64 ni kulinganisha embe na ukwaju.

Hapa kwetu tuna bahati. Mjini Kilifi, kando ya hospitali kuu, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 kituo hicho kimekuwa kikiandikisha watu wa eneo la kilomita za mraba 891 linaloizunguka hospitali. Wafanyakazi wao huzunguka nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kahamia, nani kafariki. Mnamo mwaka 2011 watu walioandikishwa walikuwa kama 260,000. Na mtu akifa nyumbani bila daktari kumwona, jamaa zake huhojiwa kwa upole kuhusu dalili alizokuwa nazo, ili ijulikane yaelekea alikufa kwa nini. Kwa hiyo ukiona mtu na daftari au kompyuta ndogo chini ya mwembe wa babu yako, usimdhanie mtoza kodi. Huyo anachota kijiko.

MTUNGI WENYE TUNDU

Sasa turudi kwa mwenzetu wa bwenini. Hebu mwazie mtungi wa maji. Juu kuna mfereji unaotia maji, chini kuna tundu linalovujisha. Maji yaliyomo ni watu wenye virusi. Mfereji ni maambukizi mapya. Tundu ni vifo.

Tuseme kuna vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja kina watu 1,000, na 100 kati yao wana virusi. Katika mwaka mmoja, kila kijiji kinapata maambukizi mapya 10. Kijiji cha kwanza hakina dawa, wakafa wenye virusi 20. Wamebaki 90. Kijiji cha pili wana dawa, wakafa 3 tu. Wamekuwa 107. Ukitazama hesabu bila kufikiri, utasema kijiji cha kwanza kimefanya vizuri na cha pili kimeharibikiwa. Kumbe kile cha kwanza kimechimba makaburi!

Ndiyo maana wataalamu hutenganisha mambo mawili. Kuna kiwango cha maambukizi, yaani wangapi wana virusi leo. Na kuna maambukizi mapya, yaani wangapi wameingia mwaka huu. Kule Rakai, Uganda, ambako watafiti wamefuatilia vijiji tangu miaka ya 1980, ilionekana kuwa sehemu ya kushuka kwa kiwango ilitokana na vifo, wala si mabadiliko ya tabia peke yake. Hapa Kenya nako kiwango kilifika kilele katika miaka ya 1990, wakati ambapo dawa za kupunguza makali hazikuwa mikononi mwa wananchi wa kawaida. Dawa hizo zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Tangu hapo tundu la mtungi limezibwa kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya hayo, mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Basi dawa huziba tundu na hukaza mfereji pia.

Jambo jingine: wastani huficha. Ile asilimia 4.9 ya mwaka 2018 ilikuwa na wanawake asilimia 6.6 na wanaume 3.1. Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6 peke yake. Mtu anaweza kuzama katika mto ambao kwa wastani maji yake hufika magotini.

HOMA SI MALARIA TU

Sisi watu wa Pwani mwili ukipata moto tu, tunasema, "Ni malaria hiyo, kanunue dawa." Watafiti wa hapa Pwani walichapisha mwaka 2014 matokeo yaliyowashangaza wengi. Miongoni mwa vijana wenye homa waliofika vituo vya afya, maambukizi mapya kabisa ya virusi vya ukimwi yalipatikana karibu sawa na malaria! Virusi vikiingia mwilini, wengi hupata homa na maumivu kwa siku chache, kisha hupoa. Siku hizo kipimo cha kawaida cha kidole, kinachotafuta askari wa mwili, bado kinaweza kusema "hakuna", kwa kuwa askari hawajatosha kuonekana. Ndiyo maana mtu mwenye wasiwasi huambiwa arudi apimwe tena.

Zingatia neno hilo: arudi. Tutakutana nalo tena.

SARATANI INAINGIAJE HAPA?

Huenda unajiuliza, ukimwi na saratani vinahusiana nini? Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV, ambavyo huenezwa kwa kugusana katika ngono. Aliyegundua jambo hilo ni Mjerumani Harald zur Hausen, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Watu wengi hupata HPV maishani na mwili ukaifukuza wenyewe. Kwa baadhi, virusi hubaki na kubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari hiyo hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani lasema wanawake wenye virusi vya ukimwi wamo katika hatari mara sita zaidi ya wenzao.

Umeona ndugu wawili walivyo? Mama aliyeokolewa na dawa za ukimwi asife akiwa na miaka 30 anaweza kuuawa na saratani akiwa na miaka 45, ikiwa hakuna aliyemchunguza. Kwa makisio ya mwaka 2020, Kenya ilipata wagonjwa wapya 5,236 wa saratani hii, na vifo 3,211. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, kama 16 tu ndio waliokuwa wamewahi kuchunguzwa.

Inasikitisha, kwani saratani hii hutoa miaka mingi ya onyo. Ukiziona chembe zilizoharibika mapema, unaweza kuzigandisha kwa baridi kali au kuziunguza, kazi ya dakika chache, na mama akaenda zake sokoni.

KIPIMO NI CHUJIO

Katika zahanati zetu nyingi, kipimo kinachotumika ni cha siki. Naam, siki, ndugu yake ile ya kachumbari! Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Mahali palipoharibika huelekea kugeuka peupe. Ni rahisi, na jibu linapatikana papo hapo. Lakini chombo kikuu cha kipimo hiki ni jicho la binadamu. Jicho lataka mwangaza, lataka mazoezi, lataka kupumzika. Tena kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, sehemu ya kutazamwa hurudi ndani, na siki haisaidii sana.

Vipo vipimo vingine. Kuna cha Pap, ambapo chembe hukwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini. Kuna na cha HPV, kinachotafuta virusi vyenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hiki cha HPV kiwe cha kwanza panapowezekana, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwalimu aliniandikia ubaoni. Takwimu ni za kubuni ili tuelewe. Tuseme wanawake 1,000 wamekuja, na 50 kati yao wana chembe zilizoharibika. Kipimo chetu huwaona 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na huwaachilia kwa haki 90 kati ya kila 100 wasio nalo.

Wenye tatizo 50: watakaoonekana ni 40, watakaokosekana ni 10.
Wasio na tatizo 950: watakaoambiwa wako sawa ni 855, watakaotiwa hofu bure ni 95.

Walioambiwa "una tatizo" ni 40 na 95, jumla 135. Kati yao, wenye tatizo kweli ni 40, yaani kama 30 kwa kila 100. Kwa hiyo kuambiwa "turudie kipimo" si hukumu ya kifo! Walioambiwa "uko sawa" ni 865. Kati yao, 10 wana tatizo. Ni wachache, kama mmoja kwa kila 86, lakini wapo. Na Mama Kadzo hakuwa namba, alikuwa mtu.

Sasa punguza mwangaza, ongeza uchovu, na jua lazama. Tuseme kipimo kile kile kimewaona 25 badala ya 40. Idadi ya waliochunguzwa ni 1,000 ile ile. Kwenye ripoti itaandikwa "wanawake 1,000 walichunguzwa," na watu watapiga makofi. Waliokosekana wametoka 10 wakafika 25, na ripoti haisemi lolote. Hapo ndipo tofauti ya wingi na ubora ilipo. Chujio lenye matundu makubwa hata likichuja madebe mia, machicha yatapita.

Wataalamu wanaopima ubora huuliza maswali kama haya. Muuguzi alifunzwa lini, na nani humkagua? Taa ipo? Siki ni mbichi au ya juzi? Kati ya walioambiwa wana tatizo, wangapi walitibiwa, na baada ya siku ngapi? Je, majibu yaliandikwa mahali ambapo yanaweza kupatikana? Kwa maana uchunguzi ni mnyororo: kualikwa, kupimwa, kupewa jibu, kutibiwa, kufuatiliwa. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Mama anayetoka Ganze au Magarini akiambiwa aende hospitali kubwa ya Mombasa, halafu hana nauli, kipimo chake kizuri kimemfaa nini?

JIBU LA MAMA KADZO

Likizo iliyofuata nilirudi kwenye karai la mahamri. Nikamwambia, "Mama, sidhani muuguzi alikudanganya. Huenda tatizo lilikuwapo, jicho likalikosa. Huenda pia lilikuwa dogo mno siku ile, au lilianza baadaye. Hatuwezi kujua, kwa sababu hukupewa hata karatasi, wala hukuambiwa urudi lini."

Alinyamaza, akageuza hamri moja, akaligeuza la pili. Kisha akasema, "Kumbe kosa si la mtu mmoja. Mimi nilidhani sawa ni sawa daima. Hakuna aliyeniambia kwamba sawa ina tarehe ya mwisho kama maziwa."

Wapenzi wasomaji, nimesoma vitabu vingi lakini sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Namshukuru Mungu alifanyiwa upasuaji Mombasa, na leo yuko kazini kwake. Nilipomuuliza niwaambie nini wenzangu, alisema, "Usiwaambie wasiende, maana nisingerudi kupimwa mara ya pili ningekuwa kaburini. Waambie waende, waombe karatasi, na warudi."

SISI WANAFUNZI TUFANYE NINI?

Kwanza, wasichana wetu wadogo. Oktoba 2019 chanjo ya HPV ilizinduliwa rasmi mjini Mombasa kwa wasichana wa miaka 10. Mtu akikwambia chanjo hiyo inafunga kizazi, mwambie akuonyeshe ushahidi. Hana. Pili, waulize mama, shangazi na nyanya zenu kwa adabu kama wamewahi kuchunguzwa na lini. Haya ni kitu kizuri, lakini haya isituzikie wazazi. Tatu, wavulana msidhani hili haliwahusu. Nauli ya kwenda hospitali mara nyingi iko mfukoni mwa baba au kaka. Nne, tukisikia takwimu redioni tusimeze kama tende. Tuulize: ni nani waliopimwa? Ni wa umri gani? Ni kiwango au ni maambukizi mapya?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauonekani ila kwa mwenye taa. Hapa naiweka kalamu yangu chini, nikiwatakia masomo mema na afya njema.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kiwango cha virusi kinaweza kupanda katika kijiji ambacho hali yake ni nzuri?
2. Taja kasoro mbili za kutumia wajawazito peke yao kama sampuli.
3. Rudia hesabu ya wanawake 1,000 ukitumia kipimo kinachowaona 90 kati ya kila 100 wenye tatizo, na kuwaachilia kwa haki 90 kati ya kila 100 wasio nalo. Wangapi watakosekana? (Jibu: 5.)
4. Eleza maana ya usemi wa Mama Kadzo kwamba "sawa ina tarehe ya mwisho".

MSAMIATI

Sampuli: sehemu ndogo inayochukuliwa ili kuwakilisha nzima.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Chembe: sehemu ndogo kabisa yenye uhai katika mwili, pia huitwa seli.
Wastani: jumla iliyogawanywa kwa idadi.
Makisio: hesabu ya kukadiria.